Simba Yuko Mbali, Picha Ina Ukungu: Lenzi Ina Kosa Gani?

Mtu akirudi kutoka Serengeti na kadi iliyojaa simba wasioonekana macho, hukumu huwa imeshatolewa kabla kompyuta haijawaka: lenzi ni mbovu. Wiki inayofuata anaulizia bei ya lenzi nyingine, yenye jina kubwa zaidi na uzito wa kilo mbili. Wapiga picha wa harusi hufanya hivyohivyo baada ya kazi ya usiku ukumbini, na vijana wa habari za michezo baada ya mechi. Mara nyingi lenzi haina hatia. Kinachoharibu picha nyingi za mbali ni kwamba shata ilikaa wazi kwa muda mrefu kuliko umbali ule unavyoruhusu, na ilikaa wazi kwa sababu mpiga picha, au kamera aliyoiachia mamlaka, iliogopa chenga, zile punjepunje zinazochafua picha ya mwanga mdogo.

Hata hivyo ukungu wote hautoki hapo, kwa hiyo inafaa kuisoma picha kabla ya kuitafutia dawa. Fungua faili kwenye kompyuta, likuze mpaka asilimia 100, kisha tafuta vitu vidogo vinavyong'aa. Kama matone ya umande na ncha za manyoya zimegeuka vistari vifupi vinavyolala upande mmoja, picha nzima, basi kamera ilitikisika. Kama mti wa nyuma umetulia na mnyama peke yake ndiye aliyefutika, mnyama alikuwa anatembea. Kama nyasi zilizo mbele ya simba zinahesabika unyasi mmoja mmoja huku jicho lake limelainika, fokasi imeangukia mahali pengine. Kama kila kitu kimelegea bila mwelekeo wowote, na mstari wa mgongo una mawimbi madogo, hiyo ni hewa ya joto. Na kama picha ina weupeweupe, rangi zimefifia na mwanga umemwagika nje ya kingo za vitu, mulika kioo cha mbele cha lenzi kwa tochi uone kuna nini.

Dakika tano za kusoma hivyo zinaokoa fedha nyingi. Aliyetikisa kamera akinunua lenzi kali zaidi atapata mtikisiko mkali zaidi, na mwenye tatizo la fokasi akinunua stendi atakuwa na picha iliyotulia kabisa ya majani.

Sasa, kwa nini lenzi ya kuvuta hasa? Chukua mfano wa lenzi ya 18-300mm, ile ya safari ambayo watu hununua ili wasihangaike kubadilisha. Ikiwa kwenye 18mm tundu lake hufunguka hadi f/3.5, ukiivuta mpaka 300mm, tundu haliwezi kupita f/6.3. Maana yake mwanga unaofika kwenye sensa umepungua zaidi ya mara tatu kwa kuzungusha pete tu. Kamera iliyoachwa ijiamulie hufidia kwa kuiacha shata wazi muda mrefu zaidi: pale ilipokuwa 1/250 ya sekunde kwenye 18mm, sasa ni karibu 1/80. Wakati huohuo, mtikisiko wa mikono umekuzwa pamoja na simba. Aliyewahi kusukuma ngalawa kwa upondo anajua: mkono ukicheza kidogo huku chini, ncha ya juu inafagia hewa. Kutoka 18mm hadi 300mm, tetemeko lilelile la mkono ambalo lingefunika pikseli moja linafunika karibu pikseli 17. Kwa hiyo ukivuta, unahitaji shata ya kasi zaidi, na kamera inakupa ya polepole zaidi. Mambo mawili yanakwenda pande tofauti kwa wakati mmoja, na kioo kidogo cha nyuma ya kamera, kinachoonyesha picha ikiwa imepunguzwa mno, hakikuambii lolote.

Kanuni ya zamani ya wapiga picha wa filamu inasema kasi ya shata isiwe chini ya moja gawanya kwa urefu wa lenzi. Lenzi ya 200mm, shata 1/200. Ya 300mm, 1/300. Ni kanuni nzuri ya kuanzia, ila ilitungwa kwa filamu ya 35mm iliyosafishwa kuwa picha ya kushika mkononi. Kamera nyingi zinazouzwa hapa kwa bei ya kati zina sensa ndogo ya APS-C, inayokata kingo za picha. Hapo unazidisha urefu wa lenzi kwa 1.5, au 1.6 ukiwa na Canon. Lenzi ya 300mm inakuwa kama ya 450mm, na kanuni inadai 1/450, yaani 1/500 kwa namba zilizopo kwenye kamera. Ongeza kwamba sensa ya megapikseli 24 au 33 inaonyesha kasoro ambayo filamu ingeificha. Mimi ninaichukulia kanuni hiyo kuwa kiwango cha chini, kwa mtu aliyetulia, asiye na haraka, ambaye hajapanda boda asubuhi hiyo. Kwa kazi ya kulipwa ningezidisha mara mbili.

Hapo ndipo hofu ya chenga inapoingia. Ili kupata 1/1000 kwenye f/6.3 saa kumi na mbili na nusu jioni, ISO, yaani wepesi wa sensa kuhisi mwanga, lazima ipande: 3200, pengine 6400. Wengi waliofundishwa miaka ya nyuma waliambiwa wasivuke 800, na ushauri huo ulikuwa sahihi kwa kamera za wakati ule. Umebaki vichwani ingawa sensa zimebadilika. Isitoshe, chenga leo zinasafishika. Tangu Aprili 2023 Adobe imeweka ndani ya programu yake ya Lightroom kazi ya kuondoa chenga kwa akili mnemba, na programu nyingine zilikuwa zimeitangulia. Picha ya ISO 6400 inaweza kuingia hapo na kutoka ikiwa safi ya kutosha kwa ukurasa wa gazeti. Jicho la simba lililofutwa na mtikisiko halirudi. Zipo programu zinazodai kulirudisha, lakini zinachofanya zaidi ni kubuni manyoya ambayo hayakuwepo, na kwa picha ya habari huo ni uongo.

Kwa hiyo mpangilio ninaoutetea kwa picha za mbali ni huu: weka kamera kwenye M, tundu wazi kabisa au karibu na hapo, shata 1/1000 kwa mnyama aliyetulia na 1/2000 kwa ndege anayeruka, kisha iachie ISO ijipange yenyewe. Asiyependa M aingie kwenye menyu ya ISO ya kujiendesha na kuweka kasi ya chini kabisa ya shata. Kamera nyingi za zamani huishikilia kasi hiyo bila kujali umeivuta lenzi kiasi gani. Zilizo mpya zina chaguo la kuipandisha kadiri unavyovuta, nalo ni zuri, ila lisogeze hatua moja upande wa kasi.

Msomaji atauliza: na kituliza mtikisiko je? Canon ndiyo iliyotangulia kukiweka kwenye lenzi ya kamera za kubadilisha lenzi, mwaka 1995, na lenzi yenyewe ilikuwa ya kuvuta, 75-300mm. Leo kila kampuni ina herufi zake: IS kwa Canon, VR kwa Nikon, OSS kwa Sony, VC kwa Tamron, OS kwa Sigma. Kamera nyingine husogeza sensa yenyewe. Ahadi za stopu nne au tano, kila stopu ikipunguza kwa nusu kasi ya shata unayohitaji, si za uongo. Stopu nne zinakushusha kutoka 1/500 hadi 1/30 ukiwa bado unashika kamera mkononi. Kwa jengo, kwa mlima, kwa chui aliyelala tawini, ni msaada mkubwa.

Kwa kitu kinachotembea, kituliza hakina la kufanya. Piga hesabu ya nyumbu anayekatiza mbele yako, mita 30, kwa mwendo wa kawaida wa mita moja na nusu kwa sekunde, ambao ni mwendo wa mtu anayewahi daladala. Kupitia lenzi ya 300mm, taswira yake inasafiri juu ya sensa kwa milimita 15 kila sekunde. Shata ya 1/250 inampa nafasi ya kusogea sehemu 6 za mia za milimita. Inaonekana si kitu, lakini kwenye sensa ya APS-C yenye megapikseli 24 hizo ni pikseli 15. Ukiweka 1/1000 zinabaki kama nne, na kwenye 1/2000 mbili. Na huo ni mwili tu; miguu inakwenda kasi kuliko mwili. Kituliza kinashika kamera itulie huku nyumbu akichora mstari. Afadhali umfuate kwa lenzi, ukizungusha kiuno naye, ili taswira ibaki mahali pamoja kwenye sensa. Lenzi nyingi zina swichi ya hali ya pili ya kituliza kwa ajili ya kazi hiyo, inayoacha mwendo wa kulia na kushoto na kudhibiti wa juu na chini pekee.

Fokasi ni kesi ngumu zaidi, na nadhani ndiyo inayohukumiwa vibaya kuliko zote, kwa sababu matokeo yake hufanana na lenzi mbovu. Kwenye 18mm, ukilenga kitu kilicho mita 10, kila kitu kuanzia mita tatu na kitu hadi upeo wa macho kinaonekana kimetulia. Vuta hadi 300mm, palepale mita 10, tundu f/6.3: eneo lililo wazi linabaki na unene usiofika sentimita 30. Simba akikutazama uso kwa uso, pua na jicho vinaingia, bega halimo. Akiwa nyuma ya nyasi, kamera iliyoachwa ichague yenyewe pa kufokasi hupenda kilicho karibu na chenye mistari mikali, yaani nyasi. Dawa yake ni kuchagua nukta moja ya fokasi, ile ya kati kama kamera ni ya zamani, na kuiweka juu ya jicho. Kamera mpya zisizo na kioo zinatambua macho ya wanyama na ndege, na zinafanya hivyo vizuri mno, ingawa bado hudanganyika pale unyasi unapopita katikati ya jicho.

Kisha kuna kosa ambalo watu hulifanya bila kujua kuwa ni kosa. Mpiga picha anavuta lenzi mpaka mwisho, anafokasi jicho, anaona masikio yamekatwa, anarudisha pete nyuma kidogo, anapiga. Picha inatoka na ulaini usioeleweka. Lenzi nyingi za kuvuta za picha za mnato hazishiki fokasi pete inapozunguka. Ukibadilisha urefu, mahali pa fokasi napo pamehama. Historia yake inachekesha kidogo. Lenzi ya kwanza ya kuvuta kwa kamera za mnato za filamu ya 35mm, Voigtländer Zoomar ya 36-82mm ya mwaka 1959, ilibuniwa na Frank Back, mtu aliyekuwa tayari anatengeneza lenzi za kuvuta kwa televisheni. Huko kushika fokasi ni lazima, kwa kuwa mtazamaji anaangalia wakati lenzi inavutwa. Kamera za mnato zilipopata fokasi ya kujiendesha, watengenezaji waliona sharti hilo linaweza kulegezwa, wakapata lenzi nyepesi na za bei nafuu. Ujuzi wa makameramani wa video, wa kuvuta kwanza, kufokasi, kisha kurudisha nyuma, hauhamishiki kwenye lenzi hizi. Rudisha pete kwanza, ufokasi upya, ndipo upige. Au tumia fokasi endelevu, ambayo Canon huiita Servo na wengine AF-C, ijirekebishe kadiri mambo yanavyokwenda.

Kwenye hifadhi kuna mazingira yake. Sheria ya kutotoka barabarani ndani ya Serengeti na Bonde la Ngorongoro ina maana kwamba huwezi kumsogelea mnyama kama unavyotaka, hivyo kuvuta hakuepukiki. Stendi haina nafasi ndani ya Land Cruiser lenye watu sita. Kinachofaa ni mfuko wa kitambaa uliojazwa maharage au mchele, unaolazwa kwenye ukingo wa paa lililoinuliwa au dirishani, lenzi ikalala juu yake. Unaweza kusafiri na mfuko mtupu na kununua maharage Arusha au Karatu. Na muombe dereva azime injini: "Kaka, tuzimie kidogo," hakuna dereva mwongoza watalii asiyelielewa ombi hilo. Dizeli ikinguruma, mtetemo unapanda kupitia bodi hadi kwenye lenzi, na abiria mmoja akihama kiti gari zima linayumba. Piga picha tatu au nne mfululizo. Ile ya kwanza ina msukumo wa kidole, ya pili au ya tatu huwa imetulia zaidi.

Kuhusu joto, hapa fedha haisaidii. Kuanzia saa nne asubuhi ardhi ya mbugani inapika hewa iliyo juu yake, na lenzi ya 500mm ikitazama duma aliye mita 200 inatazama kupitia hewa yote hiyo inayochemka. Shata ya 1/4000 itagandisha mawimbi ya joto, haitayaondoa. Hata boneti la gari lako lenyewe linatosha kuharibu picha ukipiga juu yake, na vivyo hivyo dirisha linalofunguliwa ghafla huku kiyoyozi kikifanya kazi, maana hewa baridi na ya moto hukutana palepale mbele ya lenzi. Wanaopata picha za mbali zilizo safi huwa wamefika mapema, au mnyama amewasogelea. Saa sita mchana piga mandhari, ama ule chakula chako.

Mechi ya usiku kwenye Uwanja wa Benjamin Mkapa ni hesabu ileile kwa mavazi mengine. Mchezaji anahitaji 1/1000, taa za uwanja hazilingani na jua, na hapo ndipo lenzi ya 70-200mm yenye f/2.8 inapostahili bei yake: inaingiza mwanga mara nne ya ile inayoishia f/5.6. Ukumbi wa harusi una nafuu, kwa kuwa bibi harusi anatembea polepole na unaweza kumsogelea. Huko sioni sababu ya kuvuta hadi 200mm kutoka mlangoni. Sogea.

Lenzi nayo ina mipaka yake, tuwe wakweli. Lenzi nyingi za kuvuta za bei ya chini huwa laini zaidi pale mwisho kabisa, tundu likiwa wazi. Ile ya 70-300mm mara nyingi hupiga vizuri zaidi kwenye 250mm, f/8, ukiikata picha baadaye. Usiende mbali hadi f/22 kwa kudhani tundu dogo ni ukali. Kwenye sensa ndogo, ukipita f/11 mwanga wenyewe unaanza kusambaa na picha inalainika tena. Kichujio cha elfu kumi kilichofungwa mbele ya lenzi ya laki nane kitoe. Na kwa sisi wa Pwani, Dar, Tanga, Mombasa, Unguja, adui mkubwa ni unyevu. Kamera ikitoka kwenye chumba chenye kiyoyozi kwenda nje, vioo hufunikwa na mvuke papo hapo. Iache ndani ya begi lililofungwa nusu saa ipate joto taratibu. Lenzi inayokaa kabatini miezi bila kutumika huota kuvu ndani, nyuzi nyembamba zinazoonekana ukimulika tochi. Ndoo ya plastiki yenye kifuniko kinachobana, pamoja na vipakiti vya kukausha unyevu, inatosha kuilinda, ilimradi vipakiti vibadilishwe.

Simu zina sheria zake. Ukivuta kwa vidole viwili kupita uwezo wa lenzi zilizomo, simu inakata picha na kuikuza tu. Hakuna kilichosogea karibu. Hata simu yenye lenzi ya pili ya mbali, mwanga ukipungua, mara nyingi hurudi kimyakimya kwenye lenzi kuu na kukata. Ndiyo maana picha ya jukwaani usiku hutoka kama rangi ya maji. Kwa upande mwingine zipo kamera ndogo za kuvuta sana, kama Nikon P1000 ya mwaka 2018, inayofikia upeo sawa na 3000mm. Kwenye mwisho huo inaona pembe isiyofika digrii moja, tundu likiwa f/8. Ni kifaa kizuri cha kupigia mwezi, na bila stendi ni vigumu hata kuupata mwezi wenyewe.

Anayetaka kuipa lenzi yake hukumu ya haki aifanyie jaribio hili. Bandika ukurasa wa gazeti ukutani asubuhi, kwenye kivuli chenye mwanga wa kutosha. Weka kamera kwenye stendi imara, zima kituliza mtikisiko, kwa kuwa vituliza vya zamani huyumba vikikosa mtikisiko wa kutuliza, weka f/8, fokasi kwa makini, tumia saa ya sekunde mbili ili kidole kisiguse, upige kwa urefu mrefu kabisa wa lenzi. Rudia mara kadhaa ukifokasi upya kila mara. Herufi zikisomeka vizuri kila kona, lenzi ni nzima, na kazi iliyobaki ni ya shata, nukta ya fokasi na mfuko wa maharage. Upande mmoja wa gazeti ukiwa safi na mwingine umelainika katika kila picha, huku kamera ikiwa sambamba na ukuta, kipande cha kioo ndani kimekaa upande, na hapo sasa una haki ya kurudi dukani na risiti yako.